Samaki Asiye na Mkia

Watu husema mavi ya kale hayanuki. Aliyeleta msemo huo hakuwahi kuacha alama za meno yake mahali. Mimi niliacha, na hadi leo mvua ya kwanza ikigusa vumbi la uani, harufu hunifuata jikoni na uso wangu hupata moto. Bibi mzima mwenye wajukuu, nimeshika mwiko, wala hakuna anayenitazama.

Tulikuwa tunaishi Kariandusi, kwenye laini za wafanyakazi wa mgodi, juu ya Ziwa Elmenteita. Ilikuwa miaka ya hamsini, wakati wa Hali ya Hatari. Mume wangu alikuwa mchimbaji. Sisi ni Wajaluo, watu wa ziwa kubwa la magharibi, na tuliletwa na reli pamoja na wengine wengi kushika kazi za watu waliokuwa wamepakiwa kwenye malori na kupelekwa kusikojulikana. Nyumba tuliyopewa ilikuwa na mistari ya makaa ukutani, nyuma ya mlango, mmoja juu ya mwingine. Mtu alikuwa akipima kimo cha mtoto wake. Wiki ya kwanza nilikanda udongo ili niipake ifutike, nikashindwa. Kila nilipofunga mlango niliiona, na nilijihisi kama mtu aliyekalia kiti ambacho bado kina joto la mwenyewe.

Kilichochimbwa pale ni jiwe jeupe. Sisi tuliliita chokaa, ingawa si chokaa. Ni jepesi mno. Bonge kubwa unalibeba kwa mkono mmoja huku ukizungumza na jirani. Ni laini pia, ukucha unalikwaruza kama sabuni. Likikauka hutoa vumbi kama unga wa ngano, na wanaume walirudi nyumbani weupe hadi kope. Wengine walijikung'uta wakaendelea na maisha yao. Mume wangu alikuwa na kifua kibovu tangu utotoni, na lile vumbi lilimkuta hivyohivyo. Alikohoa alfajiri hadi akashika ukuta. Mimi nilikuwa nikilala nimempa mgongo, nikijifanya sisikii, kwa sababu nikigeuka angelazimika kuniambia kwamba hajambo.

Nilikuwa nimesoma kidogo shule ya misheni, na kidogo hicho nilikivaa kama kofia. Nilikuwa najua kusoma Biblia kwa sauti bila kusitasita. Tena nilikuwa na meno yangu yote. Hilo linahitaji maelezo. Kwetu, zamani, kijana aliyefikia umri aling'olewa meno ya mbele ya chini. Ndivyo alivyojulikana kuwa mtu wa kwetu, na ndivyo alivyojulikana kuwa amevumilia. Misheni ilikataza. Kwa hiyo kizazi cha mama zetu kilikuwa na mwanya mkubwa chini, na sisi wa misheni tulikuwa na safu kamili. Moja langu la chini lilikuwa limempanda mwenzake, lakini lilikuwepo. Nililipiga mswaki kwa majivu kila asubuhi nikajiona mzungu.

Tulipotimiza mwaka wa pili pale, mama mkwe wangu alikuja kukaa nasi. Alishuka Gilgil na kapu la samaki wakavu na kuku mmoja aliye hai aliyekuwa amechafua behewa zima. Njiani kuelekea nyumbani aliliona Ziwa Elmenteita likiwa limejaa ndege aina ya heroe, akasimama, akauliza watu huvulia wapi. Nikamwambia ziwa hili ni la magadi, halina samaki hata mmoja. Alilitazama kwa muda mrefu kama mtu aliyeonyeshwa sufuria tupu.

"Sasa wanaliitia nini ziwa?" akasema.

Alikuwa mwanamke mcheshi, mwenye sauti kubwa, na akicheka alicheka kwa mdomo wote. Mwanya wake ulionekana toka ng'ambo ya barabara. Sikuuona ubaya kule kwetu, ambako kila mama alikuwa nao. Lakini tulipompeleka Nakuru kumnunulia leso, kwenye duka la Mhindi, mwenye duka alimtania kuhusu rangi aliyochagua naye akaangua kicheko. Kando yetu alisimama mke wa karani wa reli, mtu wa kwetu pia, amevaa viatu na soksi. Aliutazama mwanya ule, kisha akanitazama mimi kwa huruma. Huruma ile iliniingia kama mwiba.

Tulipotoka nje nikamwambia mama mkwe, kwa lugha yetu, kwa upole wa mtu anayejiona ana haki: "Mama, ukicheka, funika mdomo. Huku ni mjini."

Aliikunjua ile leso mpya akaishika mbele ya mdomo wake, na tangu siku ile hakucheka tena wala hakuzungumza na mgeni bila kufunika mdomo kwa pembe ya leso. Alilifanya jambo hilo kwa utiifu ambao ungenifaa mimi, si yeye. Nami niliona sawa kabisa. Nilijisifu moyoni kwamba nimemstaarabisha.

Wakati huo nilikuwa na mimba, na hakuna aliyejua ila mume wangu. Nilikuwa nimepoteza mbili kabla yake. Kwetu mimba haitangazwi. Hutajwa na tumbo lenyewe, na mimba ya mtu aliyekwisha kupoteza hata tumbo huambiwa linyamaze. Nilifunga leso mbili kiunoni nikajikaza. Ila kulikuwa na kitu kimoja nisichoweza kukifunga leso. Wanawake wa kwetu wakiwa na mimba hula odowa, jiwe laini linalouzwa sokoni kwa vipande pamoja na chumvi na dagaa. Huku Bonde la Ufa halikuwapo. Nililiota. Niliamka mate yamejaa mdomoni.

Nilianza kuokota vipande vya jiwe jeupe kando ya njia ya kwenda kuchota maji. Lilishika ulimi, likawa unga, likateremka, na kiu ile isiyo ya maji ikatulia kwa saa chache. Mume wangu aliniona mara moja tu. Sijawahi kumwona amekasirika vile.

"Kitu hiki kinanila kifua," alisema, "nawe unakila?"

Aliniapisha kwa Biblia yangu mwenyewe. Tangu hapo alikung'uta nguo zake mbali na nyumba, na mimi nilipita njia ya maji nikitazama mbele kama mwanajeshi.

Basi ndipo akaja mzungu wa mawe. Ndivyo tulivyomwita. Alikuwa mtu mrefu, mwenye magoti yaliyoungua na jua, anayetembea akitazama chini. Hakuwa wa mgodi; alipewa ruhusa ya kuzunguka akitafuta visukuku, yaani mifupa na majani ya kale yaliyogeuka jiwe. Siku moja aliwakusanya wachimbaji chini ya ukuta mweupe awaeleze cha kuangalia. Mimi nilikuwa nimempelekea mume wangu uji, nikabaki kusikiliza. Kiswahili chake kilikuwa kile cha mashambani cha wazungu, ila tulimwelewa.

"Zamani sana hapa yote iko maji," alisema. "Maji mzuri, ya kunywa. Hapana chumvi."

Kwenye maji hayo, akaeleza, waliishi mimea midogo kuliko chembe ya unga, isiyoonekana kwa macho. Kila mmoja ulijivika gamba gumu kama kioo. Ilipokufa, magamba yalizama taratibu hadi chini ya ziwa, mengine juu ya mengine, vizazi kwa vizazi, hadi yakawa ukuta ule tuliokuwa tukiupiga sururu. Mzee mmoja kando yangu alitema mate. Kumbe tulikuwa tunachimba makaburi, alinong'ona, na hatujaomba ruhusa kwa mtu.

Mzungu akaonyesha mistari ya kijivu iliyokatiza weupe. Hayo ni majivu, akasema, ya siku ambazo milima ya bonde hili ilitapika moto. Kisha akaeleza habari ya samaki. Samaki akifa, kwa kawaida huliwa na wenzake au huoza akaisha, wala dunia haijui kwamba alikuwapo. Lakini mmoja miongoni mwa wengi huzama mahali palipotulia, pasipo na wa kumla, na ule unga mweupe ukamfunika kabla hajasambaratika. Nyama huoza. Mfupa hubaki. Maji hupenyeza ndani ya mfupa pole pole, yakiacha kitu cha jiwe kila yanapopita, na uzito wa juu ukaubana, hadi mfupa wenyewe ukawa jiwe lenye umbo la mfupa.

"Mimi nasema hapa ilikuwa maji ya kunywa," alisema. "Wewe nasema mimi naongopa. Sawa. Lakini kama iko samaki ndani ya jiwe, samaki ndiyo shahidi. Mtu iko na uongo. Mfupa hapana."

Akaongeza kwamba bora kuliko mifupa yote ni jino. Mwili huoza, mfupa huvunjika, jino hudumu. Akionyeshwa jino moja huweza kusema mwenye nalo alikula nini na alikuwa mkubwa au mdogo. Nakumbuka nilipitisha ulimi juu ya meno yangu, nikaridhika nayo.

Haukupita muda mrefu, mume wangu akampata samaki. Bonge lilipasuka chini ya sururu yake na uso wa ndani ukamwonyesha kichwa, jicho, na mbavu zilizojipanga kama chanuo. Urefu wake kiganja. Katikati ya mwili jiwe lilijifunga, na samaki akaishia hapo, au ndivyo tulivyodhani. Nyapara alimwita mzungu wa mawe, naye alipoliona alipiga goti moja chini. Hakuwa na sanduku wala dawa za kulishika siku hiyo, na alikuwa na safari. Alimwagiza mume wangu alifunge kwenye gunia bichi na alitie maji kila asubuhi, kwa sababu jiwe lile likikauka haraka hupasuka na samaki huwa unga.

"Mimi narudi," alisema. "Kama samaki iko nzima, wewe nakuja kazi kwangu. Kazi ya brashi."

Kazi ya brashi ilikuwa pale pale jirani, kwenye genge ambako watu wake walikuwa wakifukua mashoka ya mawe ya watu wa kale. Ilifanywa polepole, chini ya turubai, upepo unapita, bila vumbi jeupe. Jioni ile mume wangu alioga mara mbili. Alikaa kitandani akalitazama lile gunia kama mtu anayetazama mtoto aliyelala.

"Nitapumua," aliniambia.

Mama mkwe alipofunuliwa samaki, alifunika mdomo kwa leso, akainama. "Kumbe walikuwapo," akasema. "Walifia huku wakitafuta njia ya kwetu." Na tangu hapo alilisamehe Ziwa Elmenteita kidogo.

Kazi ya kulinyunyizia maji nilipewa mimi. Mume wangu aliondoka alfajiri, mama mkwe akaenda kuni, nami nikabaki na debe la maji na gunia chini ya kitanda. Anayejua harufu ya mvua ya kwanza kwenye vumbi atanielewa. Nilipomwaga maji, harufu ile ilijaa nyumba. Si nje ambako mtu anaweza kuipita akitazama mbele. Ilikuwa ndani, chini ya kitanda changu, kila siku. Mate yalinitoka hadi nikaaibika mbele ya kuku.

Siku za mwanzo nilimaliza kunyunyiza nikakimbilia nje. Kisha siku moja nililamba vidole. Kisha nikakwaruza kwa ukucha, upande wa nyuma, mbali na kichwa cha samaki, kwenye jiwe tupu. Nilijiambia kwamba kiapo kilihusu vipande vya njiani. Tena nilijiambia kwamba kona ile haina mtu, samaki yuko upande wa pili. Mzungu alichelewa, mvua ikaharibu barabara, akachelewa tena. Nikaacha kukwaruza nikaanza kung'ata. Kila nilipong'ata nililainisha mahali kwa kidole gumba kilicholowa maji, kama mtu anayesawazisha ugali, na kona ikazidi kuwa ya mviringo, hata nikaona imependeza. Mara ya mwisho mama mkwe alirudi ghafla kuchukua panga. Nililifunika gunia haraka, sikuwahi kulainisha.

"Umekula unga mbichi?" aliniuliza, akinitazama midomo.

"Nilikuwa naonja uji," nikasema.

"Uji ni mzuri," akasema, akatoka na panga lake.

Mzungu wa mawe alirudi Jumamosi mchana, wakati kila mtu yuko nyumbani. Watu wa laini nzima walikuja. Mume wangu alilitoa bonge nje akaliweka juu ya meza yetu, nami nilikuwa nimeiosha hata miguu yake. Mama mkwe alikuwa ameketi mkekani mlangoni. Mzungu alifunua gunia, akakiona kichwa, akatabasamu. Alichukua brashi ndogo na kisu chembamba akaanza kulifungua jiwe pale lilipojifunga, akimfuata samaki kuelekea nyuma. Uti wa mgongo uliendelea. Niliuona ukitokeza, pingili moja baada ya nyingine, ukikata kona, ukielekea kule kule ambako mimi niliamini hakuna mtu. Moyo wangu ulijua kabla ya macho.

Aligeuza jiwe. Uti wa mgongo ulifika ukingoni ukaisha. Mkia haukuwapo. Mahali pa mkia palikuwa na shimo la mviringo, na ndani ya shimo, wazi kama muhuri, safu mbili za meno.

Nyapara, ambaye alimpenda mume wangu, akawahi kusema, "Hiyo ni panya, bwana. Panya ni mingi sana hapa laini."

"Hapana panya," mzungu alisema. Hakukasirika, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi. Alikuwa amependezwa. Aliweka ncha ya brashi juu ya alama moja baada ya nyingine. "Panya nakata nyembamba, mbili tu. Hii iko mtu. Hii juu. Hii chini. Hapana mtoto, iko mtu mzima." Akainama zaidi. "Ona hii ya chini. Moja napanda ingine."

Mtu mmoja akacheka, kisha wakacheka wengi. Lakini wanawake wa kwetu hawakucheka kwa sababu ya samaki. Walijua anayekula jiwe ni mwanamke wa namna gani. Niliona macho yao yakitembea kutoka uso hadi uso hadi tumboni, wakitafuta. Mimba niliyoifunga leso mbili ilikuwa inafunguliwa mezani mbele ya wanaume, kwa brashi. Mume wangu hakunitazama. Alilitazama shimo lile tu. Watu wakiona haya hutamani ardhi ipasuke iwameze. Mimi ndiye niliyekuwa nimeimeza, sikuwa na haki hata ya kuomba hilo.

"Nani nakula mkia ya samaki yangu?" mzungu aliuliza.

"Ni mimi."

Mama mkwe alikuwa amesimama. Alisema kwa Kiswahili, lugha aliyokuwa akiiogopa. Alisogea hadi mezani, na huku akitembea aliishusha leso kutoka mdomoni, akaifunga kiunoni kama mtu anayekwenda shambani. "Mimi mzee," akasema kwa sauti yake kubwa ya zamani. "Mzee natamani udongo. Mimi nakula."

Alikuwa ameufungua mdomo wote. Mwanya wake ulikuwa pale, mchana kweupe, mbele ya mzungu na nyapara, mbele ya wachimbaji na wake zao. Mzungu aliutazama. Kisha akalitazama jiwe, ambako safu ya chini ilikuwa kamili, jino kwa jino. Hakuna aliyehitaji kwenda shule kuona kwamba meno yale hayakutoka katika mdomo ule. Vicheko vilikatika. Mama mkwe naye aliona kwamba wameona. Nilidhani ataketi. Hakuketi. Alimtazama yule mzungu usoni akasema tena, polepole, ili mwanya uonekane vizuri:

"Nimesema ni mimi."

Na mimi? Ningeweza kusema neno moja. Kiswahili nilikijua kuliko yeye. Nilisimama kando ya ukuta, na mkono wangu wenyewe ukanyanyua pembe ya leso, nikafunika mdomo.

Mzungu wa mawe alikuwa ametuambia mfupa hausemi uongo na mtu husema, na sasa uongo ulikuwa umesimama mbele yake umevaa leso, na nadhani hakujua auweke wapi. Hatimaye akavua kofia. "Sawa, mama," alisema. Alilifunga jiwe upya, taratibu, akalipeleka garini mwenyewe.

Kazi ya brashi hakupewa mume wangu. Haikuwa adhabu. Mzungu alieleza kwamba mkia ndio ungemwambia huyu ni samaki wa jamii gani, naye alihitaji hilo, na baadaye mchimbaji mwingine alimletea samaki kamili akachukuliwa yeye. Mume wangu alirudi ukutani. Alikohoa pale hadi tulipohamia Nakuru mjini, akakohoa na huko. Hakuwahi kunitajia jambo lile, hata tulipogombana, hata alipokuwa amelewa. Ningependa angenitajia. Kila alipokohoa nilihesabu kama neno nililostahili kuambiwa.

Mtoto alizaliwa mzima, akafuatwa na wengine. Mama mkwe tulimzika kwao, kwenye udongo mwekundu ulio mbali na maji, ambao sidhani unahifadhi kitu. Hata hivyo hufikiri wakati mwingine: kama unga mweupe ungemfunika yeye, na mtu mrefu mwenye magoti yaliyoungua angekuja baada ya muda usiohesabika akaliona taya lake, angesema huyu alikuwa mtu mzima, wa jamii iliyong'oa meno, alikula samaki. Yote yangekuwa kweli. Kuhusu Jumamosi ile taya lisingesema chochote. Ndiyo maana naandika mimi, ingawa kalamu yenyewe inaona haya.

Jioni ya siku hiyo nilipika ugali na samaki mkavu wa mwisho kutoka kapuni. Mume wangu alikuwa amekaa nje, hajaingia. Nilimwekea mama mkwe sahani mbele yake, nikapiga magoti, nikaanza kusema niliyokuwa nimeyapanga tangu mchana. Hayakutoka. Nililia tu, kama mtoto, nikiwa nimeshika ukingo wa mkeka.

"Nilijua siku ya uji," alisema. "Uji gani mweupe hivyo, na kuni nilikuwa bado sijaleta?" Akanisogezea sahani. "Kula. Mko wawili."

Nikala. Alinitazama nikila, kisha uso wake ukaanza kucheza, jinsi ulivyocheza zamani kabla ya lile duka la Nakuru.

"Yule mzungu analilia mkia wake," akasema. "Mwambie angoje miezi michache tu, utatoka."

Kicheko kilinitoka kabla sijakizuia, na ugali mdomoni, na machozi bado mashavuni. Alinyoosha mkono, akaishika pembe ya leso yangu, akaniwekea mkononi.

"Ukicheka, mwanangu, funika mdomo," akasema kwa upole. "Huku ni mjini."

Akacheka yeye, mdomo wote wazi, hadi jirani wakasikia. Mimi nikafunika.